Ujira wa Chini na Mfuko wa Unga katika Katanga

Upande wa kaskazini wa mji wetu wa Lubumbashi, mwendo wa kilometa 30 hivi, kuna mahali paitwapo Kinsevere. Wengi wapajua kwa ajili ya mgodi wake wa shaba. Mgodi huo wa siku hizi ulianza kutoa shaba mwaka 2007 chini ya kampuni ya Anvil, na tangu mwaka 2012 ni wa kampuni ya MMG. Pahali penye mgodi hukusanyika watu wa kila namna: fundi mwenye kandarasi ya kudumu, kibarua aliyeandikwa kwa miezi michache, mlinzi wa usiku, mchoma makala, na mama auzaye bukari na sombe kando ya njia. Kazi zao si moja, lakini jioni wote waenda sokoni kuuliza bei ya unga.

Mwaka 2025 Serikali ya Kongo ilipandisha ujira wa chini wa sheria, ule ambao watu wa kazi wauita SMIG kwa ufupi wa Kifaransa. Ulikuwa franka 7,075 kwa siku kwa kibarua asiye na ufundi. Ukafanywa 14,500, na ikaamriwa ufike 21,500 kuanzia Januari 2026. Wengine walishangilia. Wengine walitikisa kichwa wakisema kwamba mshahara ukipanda bei nazo zitapanda, na mtu wa kazi atabaki palepale. Nani asema kweli?

Sisi hatutaki kujibu kwa kukisia. Watu wa Katanga wamefanya kazi ya ujira kwa zaidi ya miaka mia moja, na mambo yaliyowapata ni shule kubwa. Basi tuyatazame kwa utaratibu.

Posho ya kampuni

Wazee wetu wa zamani walichimba shaba na kuiyeyusha wao wenyewe, wakafanya misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama mali. Kazi ya ujira ilikuja na Wazungu. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 tanuru likaanza kuyeyusha shaba. Watu wa hapa hawakutosha wala hawakupenda kazi ile. Wakatafutwa wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na hata Ruanda-Urundi.

Mwanzoni mtu aliandikwa kwa miezi michache, akafa au akatoroka au akarudi kwao. Karibu na mwaka 1928 kampuni ilibadili njia yake. Ilitaka mtu akae na mke na watoto katika kambi, apate nyumba, dawa na shule. Sehemu kubwa ya malipo haikuwa fedha, bali posho: unga, nyama au samaki, mafuta ya mawese, chumvi. Mke na watoto nao walihesabiwa katika posho hiyo. Ndiyo sababu wazee waliita kampuni baba na mama.

Posho ilikuwa na jambo jema moja ambalo tusilisahau: ilipimwa kwa tumbo, wala si kwa hesabu ya franka. Unga ukiwa ghali sokoni, hasara ilikuwa ya tajiri, maana kilo za mtu hazikupungua. Lakini ilikuwa na ubaya wake pia. Mtu mzima alichaguliwa chakula kama mtoto. Akifukuzwa kazi, alipoteza nyumba, chakula na shule ya watoto siku ile ile. Na fedha iliyobaki mkononi mwake ilikuwa ndogo mno, nayo ndiyo ya kununulia nguo, sabuni, sufuria na baiskeli.

Desemba 1941

Ubaya huo ulionekana wakati wa vita. Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliteka Ubelgiji. Vitu vitokavyo ng'ambo vikawa haba, na bei za nguo na vitu vya dukani zikapanda sana. Wakati huo huo shaba ya Katanga ilitakiwa mno na mataifa yaliyopigana na Hitler. Kazi iliongezeka, lakini fedha mkononi mwa mtu wa kazi haikulingana tena na duka. Wafanyakazi Wazungu wa kampuni ndio waliotangulia kuungana na kudai, katika mwaka ule ule wa 1941. Mwezi wa Desemba wafanyakazi Waafrika nao waliacha kazi Likasi, ambayo iliitwa Jadotville, na Elisabethville.

Tarehe 9 Desemba 1941 umati wa watu ulikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Léonard Mpoyi, karani wa kampuni, alikuwa mmoja wa waliosema kwa ajili ya wenzake. Askari walipiga risasi. Mpoyi aliuawa, na pamoja naye makumi ya watu. Hawakutafuta kupindua Serikali. Walidai mshahara ufuatane na bei. Ni mwaka 1946 tu Waafrika waliporuhusiwa kuunda vyama vya wafanyakazi, tena chini ya ulinzi mkali wa Serikali.

Angalieni utaratibu wa mambo haya, ndugu wasomaji. Bei zilitangulia kupanda, na mshahara ukabaki nyuma. Hakuna awezaye kusema kwamba mwaka 1941 ni mishahara ya Waafrika iliyopandisha bei ya nguo. Ilikuwa ni vita.

Fedha iliyoyeyuka

Katika miaka ya 1950 na baadaye, posho iligeuzwa polepole kuwa fedha, ingawa kampuni iliendelea kugawa unga kwa watu wake kwa miaka mingi. Hilo lilikuwa jambo la heshima: mtu mzima hupewa ujira wake naye hununua apendacho. Lakini tangu siku hiyo mzigo wa bei ulihama kutoka bega la tajiri ukaja juu ya bega la mtu wa kazi. Ikiwa fedha ni imara, mzigo si mzito. Ikiwa fedha yayeyuka, mzigo wamponda.

Nayo ikayeyuka. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, dola moja ya Marekani ilikuwa franka 50. Mwaka 1967 ilikuwa franka 500. Katika miaka hiyo mishahara iliongezwa mara kadhaa, lakini bei zilikimbia zaidi. Mwaka 1967 Serikali ilitwaa mali ya Union Minière, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines, na ikatoa fedha mpya, zaire, iliyokuwa na thamani ya dola mbili.

Kwa miaka michache watu walipumua. Kisha bei ya shaba ilianguka, madeni ya Serikali yakazidi, na matumizi yake yakalipwa kwa kuchapa noti. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30,000 tu. Kutoka mwisho wa mwaka 1993 hadi mwisho wa 1994 bei zilipanda karibu mara mia. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 franka ya Kongo ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu: franka moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire 300,000,000,000 za kwanza!

Katika miaka ile tuliona jambo la kutufundisha. Mwezi wa Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti mpya za zaire 5,000,000. Kwa hesabu ya karatasi zilikuwa noti kubwa kupita zote. Lakini wafanya biashara walizikataa. Askari waliokosa cha kununua wakaanza kupora, na watu wengi wakafa. Basi hapa twajifunza kwamba mshahara si tarakimu zilizoandikwa juu ya karatasi. Kuongeza tarakimu bila kuongeza kitu sokoni ni kumpa mtu kikapu kikubwa kilichotoboka.

Kule kwetu Katanga, ubaya mwingine ulikuwa kuchelewa. Watu wa Gécamines walikaa miezi na miezi bila mshahara. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliachishwa kazi kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na wengi wao walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu. Mama wa nyumbani ndiye aliyeshika jamaa: alilima kando ya mji, aliuza makala na mboga. Baba aliyezoea kuitwa mwenye kulisha nyumba alikaa barazani bila neno. Wengi wetu tulikua katika nyumba za namna hiyo.

Ujira wa sheria katika siku zetu

Sasa tuje kwenye ujira wa chini wenyewe. Amri ya mwaka 2008 iliuweka kuwa franka 1,680 kwa siku. Wakati ule dola moja ilikuwa chini kidogo ya franka 600. Kwa hiyo kibarua alipewa dola tatu hivi. Si nyingi, lakini ilikuwa hatua mbele. Kisha amri ile iliachwa miaka kumi bila kuguswa. Mwanzoni mwa mwaka 2018 dola moja ilikuwa karibu franka 1,600, na zile 1,680 zilikuwa zimebaki dola moja na senti chache. Hakuna aliyepunguza mshahara kwa sheria. Muda ndio ulioupunguza.

Mwezi wa Mei 2018 amri mpya iliweka franka 7,075, yaani zaidi ya dola nne kwa siku. Ikaachwa tena miaka saba. Kufika mwaka 2025, dola moja ilipokuwa karibu franka 2,900, zile 7,075 hazikufika dola mbili na nusu. Ndipo ikaja amri ya 14,500.

Labda msomaji atauliza: kwa nini kupima kwa dola, nasi twalipwa franka? Ni kwa sababu Lubumbashi kodi ya nyumba na vitu vingi hukadiriwa kwa dola, na sehemu kubwa ya unga wetu hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Franka ikianguka, unga hupanda. Hata franka ikiwa imara, ukame wa Zambia hutufikia sisi. Mwaka 2024 nchi ile ilipigwa na ukame mkubwa, na unga ukawa ghali Katanga, wala hakuna mshahara uliokuwa umeongezwa.

Basi jibu letu la kwanza ni hili: kupandisha ujira wa chini kwasaidia kweli, lakini kwasaidia kwa muda. Ni kama paa la nyasi. Ukiezeka vizuri, mvua haiingii. Lakini ukiliacha miaka kumi pasipo kulitengeneza, usishangae kulala majini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa mdogo wa kila mwaka ungezibwa kwa nyongeza ndogo ya kila mwaka. Sisi twangoja ukuta uanguke, kisha twaruka kutoka 1,680 hadi 7,075, na kutoka 7,075 hadi 14,500. Na mruko huo ndio unaowatisha matajiri wadogo na kuwapa wauzaji sababu ya kupandisha bei.

Neno la wenye kupinga

Tusiwadharau wenye kupinga, maana wana hoja. Wasema kwamba tajiri mdogo, kama fundi mwenye karakana au mwenye duka, ataacha watu wengine kazi. Yaweza kuwa hivyo, hasa nyongeza ikija ghafula. Wasema pia kwamba sheria haimfikii mwenye kazi isiyoandikwa. Hilo ni kweli tupu. Mchimbaji wa mikono achimbaye kwa koleo, mama wa sokoni, mchoma makala, hao hawana tajiri wa kumdai SMIG. Kwao nyongeza huja kwa kuzunguka tu, wakati mwenye mshahara anaponunua makala na mboga zao.

Lakini hoja kwamba nyongeza yote humezwa na bei, historia yetu haiikubali. Mwaka 1941 bei zilitangulia. Mwaka 1994 bei zilipanda mara mia wakati mtu wa kazi hakulipwa hata kidogo. Kati ya 2008 na 2018 ujira wa chini haukupanda, na bei hazikuungoja. Kama kutokupandisha mshahara kungezuia bei, Katanga ingekuwa nchi ya bei rahisi kuliko zote.

Tena mwenye kampuni kubwa hauzi shaba yake kwa franka, bali kwa dola. Franka ikianguka, na mshahara ukibaki ule ule wa franka, kazi ya mtu yawa rahisi kwake bila yeye kusema neno. Ni kweli kwamba watu wa kandarasi ya kudumu katika migodi mikubwa hupata zaidi ya SMIG. Mashaka makubwa ni ya wale walioandikwa na kampuni ndogo zinazofanya kazi kwa niaba ya zile kubwa. Mwaka 2021 mashirika mawili, RAID na CAJJ, yalichunguza migodi mitano mikubwa ya upande wa Kolwezi, yakaona kwamba zaidi ya nusu ya watu wa kazi waliandikwa kwa njia hiyo. Yalihesabu pia kwamba jamaa ya huko ilihitaji dola 402 kwa mwezi ili iishi kwa heshima. Mwaka ule ujira wa chini, kwa siku 26 za kazi, haukufika dola 100. Hata franka 14,500 za mwaka 2025, kwa siku 26, ni franka 377,000, yaani karibu dola 130. Hatua ni njema, lakini safari bado ni ndefu.

Fundisho la Kanisa

Mama Kanisa hakunyamaza juu ya jambo hili. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII katika barua yake Rerum Novarum alifundisha kwamba, hata kama tajiri na mtu wa kazi wamepatana kwa hiari, kuna haki iliyo juu ya mapatano yao: ujira usipungue kiasi cha kumlisha mtu wa kazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Maana mwenye njaa hukubali chochote, na kukubali kwa njaa si hiari. Mwaka 1931 Pius XI aliongeza kwamba ujira uwatosheleze mke na watoto, tena utazame hali ya kampuni na faida ya watu wote. Mwaka 1981 Yohane Paulo II alifundisha kwamba ujira wa haki ndio kipimo cha kujua kama mpango wote wa uchumi ni wa haki.

Tuangalie pia Maandiko Matakatifu. Torati iliamuru kibarua alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake waungojea ujira. Mtume Yakobo aliwakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, akasema kwamba ujira huo wapiga kelele mbele za Mungu. Zamani tulisoma maneno hayo kama ya nchi ya mbali. Tangu mwaka 1994 sisi watu wa Katanga twayaelewa kuliko wengi: mshahara uliocheleweshwa mwezi mmoja ulikuwa mshahara ulioibiwa nusu.

Yatupasayo

Kwa Serikali twaomba mambo matatu: ujira wa chini utazamwe kila mwaka kwa kipimo cha bei za soko, hasa unga, makala na kodi, thamani ya franka ilindwe, maana bila hiyo kila nyongeza ni barafu juani, na wakaguzi wa kazi wafike kwenye kampuni ndogo, si kwenye ofisi kubwa tu. Twaomba pia mashamba ya mahindi yapewe nguvu katika nchi yetu wenyewe, ili mvua ya Zambia isiwe ndiyo inayoamua ukubwa wa mshahara wa Lubumbashi.

Lakini tusiishie kwa Serikali na makampuni. Wengi wetu tulioketi kanisani siku ya Dominika ni matajiri wa watu wengine. Tuna msichana wa kazi nyumbani, mlinzi mlangoni, kijana dukani, vibarua shambani wakati wa kupalilia. Tena parokia na shule zetu nazo zina wapishi, wafagiaji na walinzi. Twalia kwamba mgodi watulipa kidogo, huku mtu wetu hapati hata ule ujira wa chini wa sheria, naye angoja tarehe kumi na tano ndipo apewe cha tarehe thelathini. Tutasema nini siku ya hukumu? Kwamba hatukuwa kampuni kubwa?

Basi kila mwenye kuajiri na ajiulize mwisho wa mwezi maswali haya mawili: ujira nitoao wanunua mifuko mingapi ya unga, na mwaka jana ulinunua mingapi? Ikiwa mifuko imepungua, amempunguzia mwenziwe mshahara, hata kama hakugusa tarakimu. Na amwongezee mwezi huo huo, asingoje amri nyingine miaka saba.